Chuo Kikitaka Kuuza Shamba: Tuulize Nini Kwanza?



Safari hii tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wanadhani ni la wakubwa peke yao. Chuo kina shamba kubwa. Mbele kuna madarasa na ofisi. Nyuma kuna mahindi ya wafanyakazi, mikaratusi michache, na kipande cha nyasi mahali ng'ombe wa majirani wanalishia. Mabweni yanavuja, maabara haina vifaa, choo kimejaa. Siku moja bodi inakaa na mtu mmoja anasema: "Hii ardhi ya nyuma ni ya ziada. Tuuze ekari chache, tupate pesa ya kutengeneza chuo." Habari zinatoka, zinafika sokoni, na watu wanagawanyika. Wengine wanasema ni maendeleo, wengine wanasema ni wizi.

Mara nyingi pande zote mbili zinabishana bila kujua mambo yenyewe. Makala hii haitasema kila anayeuza ni mwizi. Itaeleza mambo ya kuuliza kabla ya kipimo kupigwa na kalamu kushikwa. Yanahusu chuo kikuu, chuo cha ualimu na kile kituo cha ufundi cha kijijini. Yanahusu hata ploti ndogo ya kikundi chenu.

KWA NINI CHUO KINAFIKIRIA KUUZA

Tuwe wa haki. Bodi nyingi hazianzi na nia mbaya. Karo haitoshi, mgao kutoka serikalini unachelewa, na mkopo wa benki una riba kali. Wanafunzi wanaongezeka lakini vitanda ni vilevile. Mtu akiwa na shida na kando yake kuna mali imelala, ni kawaida kuitazama hiyo mali.

Tena shamba lisilotumiwa lina gharama. Lazima lilindwe na liwekwe ua, na kesi za mipaka zinakula pesa ya wakili. Kwa hivyo anayesema "tuuze" ana sababu zake, na tusimzomee katika baraza kabla hajamaliza kusema.

Lakini kuna tofauti moja kubwa kati ya shamba na vitu vingine. Bati linazeeka, rangi inabanduka, kompyuta inakuwa takataka baada ya miaka michache. Ardhi haizeeki, na ikishauzwa hairudi. Ukiuza ng'ombe ili ununue maziwa, utakunywa vizuri wiki moja tu.

"ZIADA" NI NENO LA KUCHUNGUZA

Kabla ya yote, tuulize: hii ardhi ni ya ziada kwa nani, na kwa miaka mingapi?

Tuangalie hapa kwetu Kakamega. Mwaka wa 1972 kilianzishwa chuo kinachoitwa Western College of Arts and Applied Sciences, ambacho watu walizoea kukiita WECO. Zilikuwa siku za harambee. Kila sehemu ya nchi ilitaka chuo chake cha ufundi: Nyeri walikuwa na Kimathi, Kisumu walikuwa na Ramogi, na watu wa Magharibi walikuwa na WECO. Kwa miaka mingi chuo hicho kilikuwa kidogo kuliko ardhi yake. Mtu angeweza kusimama pale na kusema, "Nafasi hii yote ni ya nini?"

Mwaka wa 2002 WECO ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Mwaka wa 2007 ikawa chuo kikuu kamili, Masinde Muliro University of Science and Technology, na leo ina maelfu ya wanafunzi. Yale majengo ya baadaye yalihitaji mahali pa kusimama. Nafasi iliyoonekana ni tupu katika miaka ya 1970 ilikuwa akiba ya watoto ambao hawakuwa wamezaliwa.

Na hapa kwetu ardhi haiongezeki. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 1,867,579 katika Kaunti ya Kakamega, zaidi ya watu 600 kwa kila kilomita mraba. Familia nyingi zimebaki na nusu ekari au robo. Chuo kikiuza ekari kumi leo, hakitapata nyingine kumi karibu nayo kesho, hata kikiwa na pesa mkononi.

Kwa hivyo chuo kinachosema kina ardhi ya ziada kionyeshe ramani ya mpango wake wa miaka 20 au 30 ijayo. Mabweni mapya yatajengwa wapi? Uwanja wa michezo? Maji machafu yatakwenda wapi? Kama hakuna mpango, hakuna anayejua kama ardhi ni ya ziada. Hiyo ni kubahatisha tu.

SHAMBA NI LA NANI?

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 imegawa ardhi katika mafungu matatu: ardhi ya umma, ardhi ya jamii, na ardhi ya watu binafsi. Kila chuo kinaangukia mahali fulani, na njia ya kuuza inategemea mahali hapo.

Chuo cha serikali. Ardhi ya umma inasimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi kwa niaba ya wananchi. Bodi au mkuu wa chuo ni mtunzaji, si mwenye mali. Hawezi kuuza kama mtu anavyouza kuku wake. Sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya mwaka wa 2015 inataka mali ya umma isiyohitajika ipitie kamati, ithaminiwe, na ikiuzwa iuzwe kwa njia ya wazi kama tenda au mnada. Kuuziana kimya kimya na mtu mmoja aliyekuja na gari kubwa hakumo katika sheria hiyo.

Kituo cha ufundi cha kijiji. Zile zilizoitwa polytekniki za vijijini sasa ziko chini ya serikali za kaunti. Nyingi zilianza kwa harambee: mzee mmoja alitoa ekari mbili kwa mdomo, akina mama wakabeba mawe na maji, chifu na liguru wakashuhudia. Hapo ndipo shida inaanza. Mzee amekwishafariki, hati bado ina jina lake, na wajukuu wake wanadai shamba. Kama kituo chenu kiko hivyo, msingoje mpaka mtu atake kuuza. Fanyeni sachi katika ofisi ya ardhi, ongeeni na ile familia kwa heshima, na taito itolewe kwa jina la kituo.

Chuo cha kanisa. Hapa ardhi kwa kawaida imeandikwa kwa jina la wadhamini waliosajiliwa, na kanisa lina kanuni zake juu ya sheria za nchi. Kwa sisi Wakatoliki, Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1291 mpaka 1294, inasema mali ya kudumu ya kanisa haiuzwi bila ruhusa ya mwenye mamlaka. Lazima kuwe na sababu ya haki, wataalamu wathamini kwa maandishi, na kwa kawaida isiuzwe chini ya bei waliyosema. Pesa zinazopatikana ziwekezwe kwa uangalifu kwa faida ya kanisa, au zitumiwe kwa busara kulingana na lengo la kuuza. Kwa hivyo hata padre au masista hawauzi kwa kupenda kwao, na mwamini anayeuliza juu ya uthamini hafanyi utovu wa heshima.

Tena, kama ni shamba la kilimo, sheria ya mwaka wa 1967 inataka idhini ya bodi ya ardhi, na maombi yaletwe ndani ya miezi sita tangu mapatano. Wengi wamepoteza pesa kwa kudhani karatasi ya wakili inatosha.

KWA NINI WATU WANA WASIWASI

Wasiwasi wa wananchi haukutoka hewani. Mwaka wa 2003 serikali iliunda tume chini ya wakili Paul Ndung'u kuchunguza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria. Ripoti yake ya mwaka wa 2004 ilionyesha kwamba ardhi iliyotengewa shule, hospitali, masoko na misitu ilikuwa imepewa watu binafsi na makampuni. Halafu tarehe 19 Januari 2015 tukaona watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, wakirushiwa gesi ya machozi walipoandamana kwa sababu uwanja wao wa kuchezea ulikuwa umezungushiwa ukuta.

Mwaka wa 2022 ilikuwa zamu ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Serikali ilitaka chuo kiachilie ekari 410 kwa ajili ya hospitali, kituo cha Shirika la Afya Duniani, kituo cha Afrika cha kudhibiti magonjwa, na wakazi wa Kamae. Mkuu wa chuo, Profesa Paul Wainaina, alikataa, akisema chuo kinahitaji ardhi hiyo. Aliondolewa kazini, kisha akarudishwa mwezi wa Septemba baada ya serikali mpya kuingia. Hapo hapakuwa na kuuza, na baadhi ya kazi zilizotajwa ni nzuri. Lakini tunajifunza kwamba ardhi ambayo haijajengwa ina macho mengi juu yake, na chuo kisicho na mpango wake kitapangiwa na wengine.

Katiba, kifungu cha 40, inasema mali iliyopatikana kinyume cha sheria hailindwi. Kwa hivyo hata mnunuzi anafaa kuogopa. Anaweza kujenga ghorofa leo na kubomolewa kesho.

WENGINE WALIFANYA NINI

Hapa jirani, Uganda, Shule ya Shimoni na chuo chake cha ualimu zilikuwa katikati ya Kampala. Mwaka wa 2006 shule ilibomolewa ili mwekezaji wa nje ajenge hoteli kubwa kabla ya mkutano wa viongozi wa Jumuiya ya Madola wa mwaka wa 2007. Mkutano ulikuja na ukapita bila hoteli. Shule imekwisha kwenda, kiwanja kikakaa kitupu kwa miaka, na mwishowe majengo ya biashara ndiyo yaliyosimama pale.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichukua njia nyingine. Hakikuuza. Kilikodisha sehemu ya ardhi yake kwa kampuni ya kutoka Botswana kwa mkataba wa miaka 50, na pale yakajengwa maduka ya Mlimani City, yaliyofunguliwa mwaka wa 2006. Chuo kinapata fungu la mapato, na ardhi bado ni yake. Lakini tusifikiri kukodisha ni dawa ya kila ugonjwa. Wakaguzi wa hesabu na kamati za Bunge la Tanzania wameuliza maswali mazito: fungu la chuo ni kubwa kiasi gani, linahesabiwaje, na zile kazi nyingine zilizoahidiwa ziko wapi? Shamba likibaki lako lakini mkataba ukiwa mbaya, unabaki na jina tu.

Mfano wa tatu ni wa mbali, Marekani. Mwaka wa 1862 serikali yao ilitoa ardhi kwa kila jimbo ili iuzwe na pesa zianzishe vyuo. Jimbo dogo la Rhode Island lilipata ekari 120,000 na kuziuza haraka zote pamoja kwa dola 50,000, chini ya nusu dola kwa ekari. Huko New York mtu mmoja, Ezra Cornell, aliona bei ni mbaya. Akachukua haki za ardhi za jimbo lake, akachagua misitu ya misonobari huko Wisconsin, na ikatunzwa kwa miaka mingi mpaka bei ikapanda. Chuo Kikuu cha Cornell kilipata karibu dola milioni 5. Sheria ilikuwa ileile, tofauti ilikuwa subira. Lakini tusisahau upande wa pili: ardhi hiyo ilikuwa imechukuliwa kutoka kwa wenyeji wa nchi ile, na hakuna aliyewauliza. Mpaka leo jambo hilo linadaiwa.

TUFANYE HESABU PAMOJA

Huu ni mfano tu, si bei ya mahali popote. Chukueni kalamu.

Tuseme chuo kinauza ekari 5 zilizo kando ya barabara kwa shilingi milioni 3 kila ekari. Hiyo ni milioni 15. Toa gharama za soroveya, mthamini na wakili, tuseme milioni 1. Inabaki milioni 14, na bweni moja linajengwa. Baada ya miaka 20 bati linataka kubadilishwa. Pesa hakuna, na shamba hakuna.

Sasa tuseme ekari hizohizo zinakodishwa kwa wenye maduka na kituo cha mafuta, kwa jumla ya shilingi 100,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 1.2. Kwa miaka 12 ni milioni 14.4. Chuo kimepata kiasi kilekile, ardhi iko, na kodi inaendelea kuingia.

Mtu atasema, "Lakini mvua inawanyeshea wanafunzi leo, si baada ya miaka 12." Ni kweli, na ndiyo sababu kuna njia za katikati. Mwekezaji anaweza kujenga hosteli kwa pesa yake, aiendeshe kwa miaka iliyoandikwa, kisha aikabidhi kwa chuo. Chuo kinaweza kukarabati kwanza jengo lililo baya zaidi na kuacha lile lango kubwa la kupendeza. Kinaweza pia kukodishia vikundi vya jirani kipande cha kulima mboga na kufuga kuku, kisha jiko la chuo linunue mazao hayo. Pesa si nyingi, lakini shamba linalindwa bila askari, na jirani anaona chuo ni chake.

IKIWA NI LAZIMA KUUZA

Kuna wakati kuuza ni sawa. Labda kipande kiko mbali na chuo na hakiwezi kulindwa. Labda kimekatwa na barabara. Labda watu wameishi pale miaka 40 na kuwafukuza ni dhambi kuliko kuwauzia. Hapo yafuatwe haya:

1. Mipaka ipimwe na sachi ifanywe, ijulikane wazi nini kinauzwa.
2. Wathamini wawili wasiojuana na mnunuzi waseme bei.
3. Watu waelezwe katika baraza la wazi: wafanyakazi, wanafunzi, majirani, na familia zilizotoa ardhi.
4. Tangazo litoke kwa kila mtu. Mjumbe wa bodi, ndugu yake na rafiki yake wasinunue.
5. Pesa ziingie akaunti ya peke yake, si ile ya mishahara na safari.
6. Zitumike kwa kitu cha kudumu kilichoandikwa tangu mwanzo. Pesa ya shamba isilipe madeni ya chakula.
7. Baada ya mwaka mmoja hesabu isomwe mbele ya watu walewale wa baraza.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

KIKUNDI KIFANYE NINI

Mkisikia habari ya kuuza, msikimbilie kuandamana, wala msinyamaze. Andikeni barua fupi kwa chuo, iwe na tarehe, majina na sahihi za maofisa wa kikundi, mbaki na nakala. Ulizeni mambo matatu: uamuzi umefanywa na nani, uthamini uko wapi, na pesa zitafanya kazi gani. Katiba, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka wa 2016 inataka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Wasipojibu, mnaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Kwa chuo cha kanisa, njia ni kupitia baraza la parokia na ofisi ya maendeleo ya jimbo.

Na mkiitwa katika baraza, nendeni. Mara nyingi watu hulalamika njiani baada ya mkutano ambao hawakuhudhuria. Kiti kilichobaki kitupu kinahesabiwa kama mtu aliyekubali.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Msomaji mmoja asome makala kwa sauti, kisha mgawanyike watu watano watano.

1. Shule au kituo cha ufundi kilicho karibu nasi kilipata ardhi yake namna gani? Nani bado yuko hai anayekumbuka?
2. Hati iko kwa jina la nani? Ni nani kati yetu atakayekwenda kufanya sachi, na lini?
3. Ploti ya kikundi chetu je? Katiba ya kikundi inasema nini juu ya kuiuza: ni wanachama wangapi lazima wakubali?
4. Kama tungekuwa sisi ndio bodi, na paa linavuja leo, tungeuza, tungekodisha, au tungengoja? Kila mtu atoe sababu yake.

Katibu aandike majibu, na katika mkutano ujao aliyepewa kazi ya sachi aulizwe amefika wapi.